Sura ya Tano: Doti, Sofi na Hela

Katika mtaa niliokulia palikuwa na duka moja ambalo mwenyewe, kila alipokosa sarafu ndogo za kumrudishia mteja, alikuwa akitumbukiza mkono katika chupa ya peremende na kumtilia mtu kiganjani tatu au nne, kwa uso mkunjufu wa mwuzaji aliyekwisha timiza haki zote za biashara. Sisi watoto tuliridhika na muamala ule, na wazazi wetu waliuvumilia. Lakini mwenzetu mmoja, aliyekuwa hodari wa hesabu kutupita sote, aliushinda utamu kwa muda wa majuma kadhaa, akazikusanya peremende zake ndani ya kopo, na siku alipotumwa sabuni na mama yake akaacha sarafu nyumbani, akazimimina peremende juu ya meza ya duka, akazihesabu moja moja kwa bei ile ile aliyopewa, akadai sabuni yake. Mwenye duka alicheka hata machozi yakamtoka, kisha akakataa. Mtoto akamwuliza, kwa adabu, imekuwaje kitu kilichokuwa fedha kilipotoka mkononi mwa mzee kisiwe fedha kinaporejea. Akajibiwa kwamba peremende ni za kuliwa, akaambiwa aende zake.

Tangu siku ile nimesoma maelezo mengi ya wanazuoni juu ya asili ya fedha, na sikumbuki hata moja lililonifaa kuliko swali la mtoto yule. Maana kila kitu ambacho watu wamekikalisha katika kiti cha fedha, kiwe ganda la pwani, kipande cha nguo, ushanga, shaba au karatasi, kina mlango ambamo hatimaye lazima kiingie: yuko mtu mahali fulani atakayekipokea na kutoa kitu cha maana badala yake. Mlango huo ukiwa mpana, kibadala hicho huzunguka kama sarafu ya sultani. Ukiwa mwembamba, aliyekishika hufungika pamoja nacho. Na ukifungwa, hubaki na peremende. Sura hii ni ya milango hiyo, na nitaanzia mahali ambapo ilikuwa mingi mno kuliko ilivyohitajiwa, yaani Ujiji.

Mwezi wa Februari mwaka 1874 alifika Ujiji Luteni Verney Lovett Cameron wa jeshi la majini la Uingereza, ambaye alikuwa ametumwa kumsaidia Livingstone akamkuta njiani, Unyanyembe, amekwisha kuwa maiti anayechukuliwa pwani. Cameron aliazimia kulizunguka ziwa Tanganyika, na kwa ajili hiyo alihitaji mashua. Mashua ilikuwapo, mali ya Said bin Habib, lakini wakili wake alitaka alipwe kwa pembe za ndovu, na Cameron hakuwa na pembe. Akaambiwa kwamba Muhammad bin Salih anazo pembe. Akaenda, akakuta kwamba huyo naye hataki ila nguo, na Cameron hakuwa na nguo za kutosha. Akasikia kwamba Muhammad bin Gharib ana nguo tele ila anatafuta nyaya za shaba. Na hapo, alhamdulillahi, nyaya alikuwa nazo. Basi akampa bin Gharib nyaya, bin Gharib akampa bin Salih nguo, bin Salih akampa wakili wa bin Habib pembe, na wakili akaiachilia mashua.

Kisa hiki kimerudiwa katika vitabu vingi vya uchumi ili kuonyesha taabu ya watu wasiokuwa na fedha, nami sikubaliani kabisa na wanaokisimulia hivyo. Wale Waarabu watatu walikuwa wafanya biashara wazoefu waliojua thamani ya reale, na Ujiji haukuwa mji wa watu waliokosa fedha. Cameron mwenyewe ndiye aliyetuachia ushahidi. Anaeleza kwamba katika soko la mji ule kitu kilichohesabiwa kama sarafu kilikuwa sofi, aina ya ushanga mfano wa vipande vya mrija wa kiko uliovunjika, na kwamba asubuhi soko lilipofunguliwa walikuwako watu wenye mifuko ya sofi waliowapa wanunuzi sofi kwa kubadilishana na shanga za aina nyingine, na soko lilipovunjika wakazipokea tena kutoka kwa wauzaji, wakajipatia faida asubuhi na jioni. Msomaji na azingatie jambo hilo. Sofi ilitoka mfukoni mwa mtu alfajiri na ikarudi mfukoni mwake magharibi. Muuza samaki aliipokea bila wasiwasi, kwa kuwa alijua kwamba kabla jua halijatua mtu yule yule angeipokea naye. Wavunja sofi wale (siwezi kuwaita kwa jina jingine, maadam sisi leo twasema kuvunja noti) walikuwa wamekubali sharti ambalo mwenye duka wa mtaani kwetu alilikwepa.

Shida ya Cameron, kwa hiyo, ilikuwa ya milango isiyokabiliana, na wasafiri wa njia ile ya bara waliijua shida hiyo kabla hawajavuka kutoka Unguja. Stanley, alipokuwa akijitayarisha Unguja mwanzoni mwa mwaka 1871, alikwenda kuuliza kwa matajiri wa Kiarabu ni kiasi gani cha nguo kitawalisha watu mia, akajibiwa kwamba doti 10 kwa siku zitatosha. Vipimo vya nguo vilikuwa hesabu ambayo kila mwenye kupeleka safari aliijua kwa moyo, kama mama wa nyumba anavyojua vibaba vyake. Shuka ilikuwa mikono minne, doti ilikuwa shuka mbili, na doti kadhaa zilifanya jora. Nguo iliyopendwa kupita zote ilikuwa merikani, pamba nyeupe isiyotiwa rangi iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts na kuletwa na merikebu za Salem, ikapata jina lake kwa nchi ilikotoka. Na Wamarekani walipopigana wao kwa wao tangu 1861 hata 1865, pamba ikaadimika, nguo za Uingereza na Bara Hindi zikapata nafasi ya kuingia, na mtu wa Unyamwezi ambaye hakupata kusikia habari za vita ile alitambua kwa vidole vyake kwamba doti ya mwaka huu si doti ya mwaka jana.

Nguo ilikuwa na mlango mpana kwa sababu kila mtu ana mwili. Asiyeweza kuitumia kununulia mtama aliweza kuivaa, na iliyochakaa kwa kuvaliwa haikurudi sokoni kuharibu thamani ya nyenzake. Wapagazi walipewa posho kwa nguo, watawala wa Ugogo walitoza hongo kwa nguo, na sioni vibaya kukumbusha hapa kwamba neno hongo lilikuwa jina la ushuru ulio wazi, uliojadiliwa mbele za watu kwa siku mbili au tatu, kabla halijashuka daraja likawa jina la kile kinachopitishwa chini ya meza.

Ushanga ulikuwa na tabia nyingine kabisa. Stanley alichukua magunia 22 ya shanga, akaeleza kwa uchungu wa mnunuzi kwamba ushanga mweusi, uliokubaliwa Ugogo, haukuwa na thamani kwa watu wengine wowote. Kwamba shanga kubwa mfano wa yai, zilizopendwa Ujiji na ng'ambo ya ziwa, zilikataliwa kila mahali pengine. Na kwamba ushanga mweupe uliofaa Ufipa ungedharauliwa Uzigua na Ukonongo. Msafiri aliyekosea kukisia muda atakaokaa katika nchi moja alitoka humo na mzigo ambao mpagazi aliubeba kwa jasho lile lile, ilhali kwa kuvuka mto mmoja tu ulikuwa umegeuka changarawe. Mwekundu, uliokuwa ukiitwa samisami, ndio uliokuwa na bahati. Msafiri Burton aliandika kwamba uliitwa pia kwa jina lenye maana ya kimaliza chakula, kwa kuwa mtu alikuwa tayari kutoa mlo wake ili aupate. Wengine wameliona jambo hili kuwa ni upumbavu wa watu wa bara waliohadaiwa kwa vioo vya rangi. Lakini vioo hivyo vilikuwa na soko lake, bei yake, na mabadiliko ya mtindo ambayo yaliwatia hasara Wazungu wengi kuliko yalivyomtia mwenyeji, na aliyeshindwa kujua rangi inayotakiwa Ufipa alikuwa mgeni, si Mfipa.

Kauri, au simbi kama wengine tusemavyo, ndiyo fedha ya zamani ambayo jina lake limeshinda mwili wake. Baganda waliyatoboa magamba hayo wakayatunga mia mia katika uzi, nayo serikali ya Waingereza ilipoyakataa mwanzoni mwa karne ya 20 na kutaka rupia, neno lenyewe halikukataliwa: Mganda hata leo akisema ensimbi anakusudia fedha, ingawa hajapata kuliona ganda ila shingoni mwa mganga. Na pwani yetu wenyewe ilikuwa na mkono katika habari mbaya ya kauri mbali sana na hapa. Miaka ya 1840 na 1850 wafanya biashara wa Hamburg waligundua kwamba simbi zilizookotwa katika mwambao wa Afrika Mashariki, maji yakipwa, kwa gharama hafifu kabisa, zingeweza kupakiwa merikebuni Unguja zikazungushwa rasi ya kusini na kupelekwa Lagos na Ouidah, ambako watu tangu zama walikuwa wakitumia kauri ndogo kutoka visiwa vya Maldivi. Wakazimwaga huko kwa shehena baada ya shehena kununulia mafuta ya mawese. Bei zikapanda, na akiba ya watu waliozika kauri zao chini ya sakafu ikayeyuka humo humo ardhini bila mwizi kuingia. Wakusanyaji wa mwambao waliopata pesa zao chache kwa kapu, sidhani walijua kwamba walikuwa wakichapisha fedha za watu wa nchi nyingine.

Juu ya hawala na hundi nitasema machache tu, kwa kuwa nimezipa sura yake mbele. Yatosha kueleza kwamba matajiri wa Kihindi wa Unguja, kina Tharia Topan na wenzake, waliandikiana karatasi ambazo zilipokelewa Bombay kama reale zenyewe, na kwamba mlango wa karatasi hizo haukuwa serikali wala benki, bali sifa ya nyumba moja ya biashara kwa nyumba nyingine. Akifilisika mmoja, walilia wengi.

Tuje sasa kwenye milango myembamba. Katika machimbo ya makaa ya mawe ya Marekani, West Virginia hasa, kampuni nyingi zililipa wafanya kazi wao kwa vipande vya madini vyenye jina la kampuni, vilivyotobolewa katikati, ambavyo vilipokelewa katika duka moja tu, nalo ni duka la kampuni hiyo hiyo. Mchimbaji aliyetaka fedha halali ili amnunulie mkewe dawa mjini aliwauzia wengine vipande vyake kwa chini ya thamani iliyoandikwa juu yake. Kwa kuwa kampuni ilikuwa na nyumba anayolala, duka analokula na daftari la deni lake, mshahara ulitoka mlango mmoja ukaingia mlango wa pili ndani ya ua ule ule, na mara nyingi mwisho wa mwezi mtu alikuwa anadaiwa zaidi ya alivyokuwa mwanzo wake. Wimbo wa Merle Travis, "Sixteen Tons", uliorekodiwa 1946, ulijulikana duniani kote kwa sababu ya habari hiyo. Waingereza walikuwa wamepiga marufuku ulipaji wa namna hii kwa sheria ya 1831, yaani zaidi ya miaka mia kabla ya wimbo huo. Lakini sheria ya nchi moja haivuki bahari yenyewe. Tafadhali linganisha: sofi ya Ujiji ilitoka kwa mtu ikarudi kwake baada ya kuzunguka soko zima, kipande cha kampuni kilitoka kwa kampuni kikarudi kwake bila ya kuzunguka popote. Kwa umbo ni mamoja. Tofauti imo katika nafasi iliyoachwa kati ya kutoka na kurudi, na ndani ya nafasi hiyo ndimo uhuru wa mtu unamokaa.

Huku kwetu palikuwa na kitu kilichokuwa chembamba zaidi hata kuliko hicho. Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika kibarua alipewa kipande, kadi yenye nafasi 30, na kila siku aliyomaliza kazi aliyopimiwa ilitiwa alama; mshahara ulilipwa nafasi zote zikijaa. Siku 29 za jasho zilikuwa tayari zimeandikwa, lakini mwenyewe hakuweza kuzinunulia hata chumvi, wala kumuuzia mwenzake, wala kumrithisha mtu kwa urahisi. Ilikuwa ni thamani iliyofungiwa ndani ya jina la mtu mmoja. Mkenya akisikia neno hilo kipande hukumbuka jingine, ile hati ya usajili iliyotiwa ndani ya kikebe cha bati na kuning'inizwa shingoni; nazo, ingawa ni hati mbili, zilitumiwa na watu wa aina moja kwa makusudi ya aina moja.

Mfano wa kinyume chake ulitokea Mombasa siku za karibuni tu. Mwezi wa Mei 2013, katika mtaa wa watu maskini uitwao Bangladesh, wachuuzi zaidi ya mia moja walikubaliana kutumia vocha za karatasi walizoziita Bangla-Pesa. Hoja yao ilikuwa rahisi. Mathalani mama mwenye genge la mboga, mshona nguo na muuza maji wote watatu wana bidhaa au ufundi usiotumika mchana kutwa, na wote watatu wanahitajiana, ila shilingi haipo, kwa kuwa shilingi ikiingia mtaani asubuhi jioni imekwisha toka kwenda kulipa kodi ya nyumba. Basi kila mwanachama, akidhaminiwa na jirani zake, apewe vocha kidogo, na kila mmoja aahidi kuzipokea dukani kwake. Serikali ikadhani imeona fedha bandia. Watu sita wakakamatwa wakashtakiwa, na baada ya miezi mitatu hivi mashtaka yakaondolewa. Nami sikushangazwa na hofu ya askari, kwa sababu dola yoyote huona wivu kwa mambo mawili, bunduki na mtambo wa kuchapia noti. Kilichonivutia ni mlango. Vocha hizo hazikuwa na benki ya kuzikomboa. Muuza maji akijikuta jioni ameshika nyingi kupita kiasi, dawa yake ilikuwa kwenda kwa kinyozi, anyoe.

Nimechelewesha makusudi habari za Wajerumani, kwa kuwa mlango wao ulikawia kuliko yote. Tangu 1904 serikali yao ilikuwa imeigawa rupia kwa heller 100, na sarafu hiyo ndogo ikatuachia neno hela, ambalo Mtanzania hulitamka kila siku bila kumkumbuka Kaisari. Vita vilipoanza 1914 na manowari za Kiingereza zikaziba pwani, sarafu hazikuletwa tena, na zilizokuwapo zikafichwa na watu. Serikali ikaanza kuchapa noti za muda kwa karatasi yoyote iliyopatikana. Mwaka 1916, mjini Tabora, katika karakana ya reli, wakapiga heller za shaba, na kwa dhahabu ya machimbo ya Sekenke wakapiga sarafu za rupia 15 zenye sura ya ndovu mbele ya mlima, zaidi ya 16,000 kwa hesabu, ambazo leo wakusanya sarafu huzinunua kwa bei ya kushangaza. Mwezi wa Septemba mwaka huo Tabora ikaangukia mikononi mwa Wabelgiji. Jeshi likaingia porini, na 1917 likatoa noti zilizopigwa kwa herufi za mpira, kama za sanduku la mchezo wa watoto. Fedha ya dhahabu na fedha ya mchezo, zote za serikali moja, zikapishana kwa mwaka mmoja. Waingereza walipokwisha itwaa nchi, florin ikaja 1920, na mara shilingi ikaifuata. Aliyebaki na noti za porini alibaki na karatasi.

Askari je? Vita vilipokwisha Novemba 1918 hapakuwa na mshahara wa kuwalipa, na jemadari von Lettow-Vorbeck aliwapa askari wake vyeti vya kuonyesha kwamba wanadai. Cheti cha namna hiyo ndicho kibadala dhaifu kupita vyote vilivyotajwa katika sura hii: hakivaliki, hakiliki, hakipokelewi dukani, na dola iliyokitoa imefukuzwa katika nchi. Wengi vikawaozea kwenye matundu ya paa, vikaliwa na mchwa, vikalowa masika baada ya masika. Mwaka 1964, mwaka ule ule aliokufa jemadari yule, bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malipo kwa askari waliokuwa hai, na inasimuliwa kwamba ofisi ya kulipia ilipofunguliwa Mwanza walijitokeza wazee wapatao 350, nao waliokuwa bado na vyeti vyao walikuwa wachache wa kuhesabika. Wengine walileta vipande vya sare zilizochakaa. Wengine hawakuleta kitu. Mlipaji aliyetoka Ujerumani, kwa kutojua amwamini nani, alichukua ufagio, akampa kila mzee kwa zamu yake, akampigia amri za gwaride kwa Kijerumani, lugha ambayo baadhi yao hawakuwa wameisikia kwa miaka 46. Mzee akaupokea ufagio, akanyoosha mgongo, akauweka begani.